Alta ya Fidelina

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fidelina Ozuna, muuza chipa wa hapa kwetu Coronel Bogado. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka ishirini na tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Fidelina Ozuna, ishirini na tisa. Ameacha mtoto mmoja, Mirna, mwenye miaka miwili.

Wengi mlimjua kwa kikapu chake cha vimkate vya jibini. Basi likisimama tu, yeye keshapanda. "Chipa ya moto! Asiyekula leo, kesho atajuta!" Dereva akimwambia ashuke, anamjibu, "Shuka wewe, mimi niko kazini."

Mirna alipokuwa na miezi minne, pikipiki ilimgonga Fidelina akaumia kichwa. Kifafa kikaanzia hapo. Siku moja kilimwangusha akiwa amembeba mtoto. Mtoto hakuumia, lakini mama mkwe wa Fidelina, Ña Eustacia, alimchukua siku hiyohiyo. "Mwanangu, sikuchukii," alimwambia mlangoni. "Niletee karatasi kwamba umepona, nikupe mtoto wako." Tangu hapo Fidelina akawa anamwona mwanawe Jumapili tu, mikono mezani bila kumbeba, kama mgeni aliyekuja kunywa tereré baridi.

Hospitali walimpa vidonge, na vilimsaidia sana. Karatasi ya kupona hawakumpa. Kifafa cha namna ile hutulizwa, daktari alisema, hakifukuzwi. Ila Fidelina hakutaka kutulizwa. Alimtaka Mirna. Mfa maji hukamata maji.

Ndipo akaenda kwa Liseniado, yule msomi mwenye ofisi ya mazoezi ya ubongo juu ya duka la viatu. Dada mkubwa wa Fidelina, Porfiria, alimsindikiza kila mara, na ndiye aliyenisimulia. Fidelina alivalishwa kofia yenye nyaya, akapakwa jeli nyweleni, akaketishwa mbele ya skrini yenye picha ya puto. Ubongo ukitoa mawimbi yanayotakiwa, puto linapanda. Usipoyatoa, linashuka. Hakuna sindano wala dawa, ni mtu na puto lake.

Wiki mbili za kwanza puto liligoma. Wiki ya tatu likaanza kupaa, likapaa mpaka likagusa ukingo wa juu.

"We, unafanyaje?" Porfiria alimuuliza.

"Nauma meno, dada. Nikiyakaza hivi, linapanda lenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Wakacheka, wakaenda zao.

Wasikilizaji wapendwa, nilimuuliza daktari mmoja wa mji wa Encarnación, anayetumia mashine kama hiyo kwa uangalifu, sambamba na vidonge. Alishika kichwa. Misuli ya taya nayo ina umeme wake, alisema, na mashine haitofautishi jino na wazo. Mkufunzi anayeijua kazi yake huanza kwa kukuambia: legeza taya. Liseniado hakusema. Aliona alama zinapanda, akaridhika. Mwezi wa pili Fidelina alipasuka jino la nyuma, na hakuna aliyejiuliza limepasuliwa na nini.

Baada ya vipindi ishirini na vinne alipewa karatasi yenye mhuri. Chini yake, kwa herufi kubwa, neno moja: ALTA.

Mnalijua neno hilo. Liseniado anasema alimaanisha alama ziko juu. Sawa, kwa Kihispania ni "juu" pia, hatukukosa shule. Lakini mgonjwa hapa kwetu akipewa alta amepona, anafunga virago anarudi nyumbani. Fidelina alilisoma hivyo. Mimi pia ningelisoma hivyo.

Kesho yake alimpelekea Liseniado kikapu kizima cha chipa. "Alimkumbatia kabisa," anasema Porfiria. "Akamwambia, 'Umeniponya, Liseniado, vidonge basi!' Naye akasema hongera, akala."

Akala, wasikilizaji. Hakusema, mama, hilo neno silo. Alikula chipa.

Ña Eustacia aliisoma karatasi, akavaa miwani akaisoma tena. Mirna alikuwa na mafua. "Jumamosi ijayo uje umchukue," akasema. Fidelina akapaka rangi kitanda kidogo, rangi ya manjano. Jumanne, saa ya kulala mchana, kifafa kilimkuta peke yake, kikamlaza uso kwenye mto. Alikuwa na siku nane bila kidonge. Zilibaki siku nne tu kufika Jumamosi.

"Mimi ndiye niliyedai karatasi," Ña Eustacia aliniambia msibani. "Mtoto wa watu kaniletea. Sasa nimlaumu nani?"

Mmenipigia simu wengi mkiuliza Fidelina alimjuaje Liseniado. Nitawajibu. Alimjua kupitia redio hii. Tangazo la mazoezi ya ubongo nililisoma mimi, kwa sauti hii mnayoisikia, kila siku adhuhuri, miezi mitano. Nilisoma kwamba yanaondoa kifafa, huzuni, na kukosa usingizi. Sikumuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula.

Jana nilimwomba Porfiria radhi. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema, "Kaka, daktari anaongea mbio na mwandiko wake hausomeki. Wewe tunakuelewa. Ndiyo maana tulikuamini wewe."

Pole kwako, Porfiria. Pole, Ña Eustacia. Usijibebeshe mzigo ambao mwenye nao ni mimi. Pole, Mirna, ambaye hujui bado kuna nini.

Nawe unayenisikiliza, uliyepewa vidonge na ukaviweka kando kwa sababu ya karatasi, ya jirani, au ya sauti tamu redioni, tafakari. Maswali yako mpelekee daktari aliyekupa. Lakini kama saa yako ya kumeza imefika, inuka ukachote maji.

Nenda. Nasubiri.