Themanini na Moja ya Kemia

Hamchoki kuniuliza habari hii? Haya, kaeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Ilikuwa saa tisa alasiri, kwenye benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu, yule waliyemwita Profesa kwa kuwa alisoma kila gazeti kuukuu alilojazia viatu ili visibonyee. Pembeni yake walikaa Kinyozi, na Muuza Kahawa na birika lake. Mara Mama Cherehani akaja mbio, uzi unaning'inia begani, matokeo ya bintiye mkononi: biolojia themanini na nane, kemia themanini na moja. Binti alitaka chuo cha udaktari, kile kinachochukua watu ishirini tu. Fomu zilikuwa zinafungwa saa kumi siku hiyo hiyo.

— Jamani, zinatosha au hazitoshi? aliuliza Mama Cherehani. Mtoto kajifungia ndani, fomu kaisukumia chini ya godoro. Anasema Profesa kamwambia asijiaibishe.

— Na nilisema kweli, shemeji. Profesa alichomoa kipande cha gazeti ndani ya buti, akakikunjua gotini. Sikiliza: "Mwenye chini ya themanini na tano kwa somo lolote asijisumbue." Kemia imemwangusha.

— Kwa alama nne? Kinyozi alidakia. Mtihani wa saa tatu utajuaje nani ataweza kumshika mgonjwa? Mimi nimenyoa wahadhiri wawili wa chuo hicho. Alama wanatupa kando, wanatazama vidole!

— Vidole! Muuza Kahawa alicheka hadi akamwaga kikombe. Wanapima usingizi, ndugu yangu. Wanawafungia ukumbini siku tatu. Wa mwisho kusinzia ndiye daktari.

— Basi wamchukue mlinzi wa benki, atutibu! Kinyozi alimrudishia.

— Nyamazeni! Profesa aligonga benchi kwa nyundo. Alama ndiyo kipimo pekee kisicho na mjomba. Iondoeni, mtaona watoto wa wakubwa wakiingia kwa vidole vyao na usingizi wao!

Kwa Mama Cherehani hilo lilikuwa kweli tupu. Yeye hakuwa na mjomba wa kumpigia simu. Alikuwa na themanini na moja.

Kulikuwa na mwanamke mgeni, kaleta kiatu kilichong'oka kisigino, kasimama kwa mguu mmoja akiwasikiliza.

— Samahani, baba. Hilo gazeti ni la mwaka gani?

Profesa aligeuza karatasi. Pembe ya tarehe ilikuwa imechanika. Nyuma palikuwa na tangazo la redio za kaseti.

— Kaseti! Mama Cherehani alipiga ukelele. Mwanangu alikuwa hajazaliwa! We mwanamume, unanifungia mtoto ndani kwa karatasi ya kujazia buti? Toa baiskeli yako!

Binti alitolewa ndani, fomu ikachomolewa chini ya godoro. Profesa alimpakia, akapanda kilima chote cha kwenda chuoni akihema kama mvukuto, Kinyozi anasukuma nyuma, mkasi ungali mfukoni. Karani wa chuo alikuwa ameshika ufunguo, tayari kufunga dirisha.

— Mwaka huu ni alama sabini na tano, kisha usaili, alisema, akapokea fomu. Vidole hata hakuvitazama.

Mwezi uliofuata, baada ya usaili, jina la binti lilibandikwa ukutani, la kumi na tisa kati ya ishirini.

Siku ya kufungua chuo Mama Cherehani alitembea mbele, mikono mitupu, kajipamba. Nyuma yake Profesa, sanduku la chuma la binti kichwani, kwa miguu, kilima kizima hadi getini. Baiskeli ilikuwepo. Mama Cherehani alimkataza kuigusa.