Wathrakia, Siyo Watrakta

ABDULSWAMAD: Haloo! Dadi? Haloo!

DADI: Nani mwenzangu? Pandisha sauti, niko juu ya trakta!

ABDULSWAMAD: Abdul! Fundi cherehani, wa Moro mjini! Zima hilo dude!

DADI: [mngurumo unakatika] Haya. Asalaam aleikum, fundi. Mzigo umeufuata Msamvu?

ABDULSWAMAD: Waleikum salaam. Nimeufungua palepale stendi. Dadi, umenitumia kitabu cha kufunga gia!

DADI: Si uliomba mwenyewe? "Wewe una simu kubwa, mimi nina kitochi, nitafutie kitabu cha Watrakta."

ABDULSWAMAD: Wathrakia!

DADI: Wa nini?

ABDULSWAMAD: Wa-thra-ki-a! Watu! Watu wa kale, huko jirani na Ugiriki!

DADI: Ala! Mimi nikajua unaacha cherehani uje Dakawa kwenye mpunga. Nimeshakuombea kazi. Unaanza Jumatatu.

ABDULSWAMAD: Astaghfirullah.

DADI: Sasa wewe na hao Wathrakia mna undugu gani?

ABDULSWAMAD: Sikia, usicheke. Kuna dada pale maktaba—

DADI: Hidaya!

ABDULSWAMAD: Ndiyo maana sikutaka kusema! Najua ni mdogo wake shemeji Mwanvita, na shemeji hana kifua—

DADI: Mke wangu huyo. Endelea.

ABDULSWAMAD: Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua tu. Akaniuliza, "Kaka, nikusaidie kitabu gani?" Dadi, nilibabaika! Mkononi nina karatasi ya karanga, nikasoma neno nililoliona. Wathrakia.

DADI: Yallah!

ABDULSWAMAD: Akatafuta, hakipo. Akasema njoo kesho. Nikaenda. Kesho yake tena. Wateja wanalia na suruali zao, mimi niko maktaba. Na anazidi kupendeza, wallahi. Akikaa pale mezani naona kama amerefuka.

DADI: Mapenzi hayo. Hata mbuzi utamwona twiga.

ABDULSWAMAD: Leo sasa kaniuliza, "Hivi hao Wathrakia ni kina nani hasa?" Nikamwambia ni hadithi ndefu, nitakueleza kesho. Kesho, Dadi! Nikibabaika tena atajua mimi tapeli, na mlango ule sitaukanyaga maisha!

DADI: Madukani hukuuliza?

ABDULSWAMAD: Nilikwenda kwa Noorali, muuza vitabu. Akasema, "Hao ni wa Kilosa au wa Ifakara?" Akanipa atlasi.

DADI: Na ile karatasi ya karanga?

ABDULSWAMAD: Ninayo, mafuta matupu. "Wathrakia walikuwa hodari wa farasi. Inasemekana kwa baadhi yao mtoto akizaliwa ndugu hulia, na mtu akifa..." Basi. Pamechanika.

DADI: Akifa wanafanyaje?

ABDULSWAMAD: Ningejua ningekupigia?

DADI: Subiri, Mwanvita kaniletea chai hapa. We Mwanvita! Eti kuna watu wa kale mtoto akizaliwa wanalia, mtu akifa wanafanyaje? [sauti ya mbali] Anasema wanafurahi! Wanazika kwa vicheko, maana marehemu kaziacha taabu za dunia.

ABDULSWAMAD: Alhamdulillah! Ngoja niandike... wana-fu-ra-hi... Dadi. Shemeji kajuaje?

DADI: Eh, kweli. Mama, umejuaje? [kicheko] Anacheka huyu. Kakaa chini kwenye tope, anacheka.

ABDULSWAMAD: Muulize bwana!

DADI: Anasema kaambiwa na Hidaya. Hidaya kakisoma kitabu chote.

ABDULSWAMAD: Kitabu gani? Si hakipo?

DADI: Kipo. Kakikalia.

ABDULSWAMAD: Kanificha?

DADI: Kakikalia, Abdul! Kitabu chini, Hidaya juu! Kwenye kiti! Alikipata ile siku ya pili, akaogopa akikupa hutarudi.

ABDULSWAMAD: Inchi mbili! Nilisema karefuka! Jicho la fundi halidanganyi, Dadi! Inchi mbili kamili!

DADI: Tena cha jalada gumu. Kila jioni anamlalamikia Mwanvita kiuno.

ABDULSWAMAD: Masikini! Anaumia kwa ajili yangu?

DADI: Hapana, kwa ajili ya Wathrakia. Vipi wewe?

ABDULSWAMAD: Sasa kesho nimwambie nini?

DADI: Mwanvita anasema usiseme kitu. Wewe si fundi? Mshonee mto wa kiti, umpelekee. Ataelewa.

ABDULSWAMAD: Mto... Yaa Rabi, mto! Shemeji ana akili! Ngoja, salio linalia hilo—

DADI: Haya, kwaheri, mwanyumba!

ABDULSWAMAD: Umeniitaje?

DADI: Mwanyumba! Si tunaoa nyumba moja? Na ile kazi ya Jumatatu—

ABDULSWAMAD: Achana na Jumatatu! Muulize shemeji, haraka, Hidaya anapenda rangi ga—

[Simu inakatika.]