Abass Alisikia la Mkuu

Benchi lenyewe ni la chuma, liko chini ya daraja la magari pale Xiaobei, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, na kila aliyewahi kusaka mzigo Guangzhou, Uchina, kwa Kiswahili amelikalia. Alasiri ile mvua ilikuwa ikidondoka ukingoni mwa daraja na kahawa chungu imeshamiminwa. Alikuwapo Khatib, muuza marumaru ambaye hajakanyaga darasa la sheria lakini anaitwa Wakili. Humphrey, anayesomea shahada ya tatu na kuitwa Profesa kabla ya wakati. Mumbua wa Machakos, muuza vipuri vya simu, anayeitwa Madamu Spea. Na Murshid, wakala wa makontena, asiye na jina la utani kwa kuwa hasemi kitu cha kutaniwa. Wa tano alikuwa Abass. Wiki iliyopita aligongwa na kigari cha mizigo akivuka mahali pasipo na kivuko, Murshid akiwa kando yake, akafa palepale. Kamera ya barabara ilikuwa imezibwa na matawi. Kwa hiyo kesho saa tatu asubuhi Murshid ameitwa na polisi aseme alichoona. Kosa likiwa la dereva, dereva atafungwa. Likiwa la Abass, watoto wake huenda wasipate hata senti ya fidia.

Wakili: Hapa hamna kesi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Daktari kasema miguu ya Abass yote mizima. Maana yake nini? Alisikia la mkuu. Hana kosa. Tumemaliza.

Mumbua: Hiyo methali ukiipeleka polisi watakufunga wewe.

Profesa: Tatizo ni sauti. Lile gari ni la umeme, halina sauti. Abass kazaliwa Temeke, masikio yake yamezoea gari linalokohoa tangu mtaa wa pili. Aliyeunda gari bubu ndiye muuaji. Ndiyo maana ya mwenda pole hajikwai: hajikwai yeye, anakukwaa wewe.

Wakili: Ishike hiyo, Murshid. Sema gari lilikuja kimyakimya kama mdeni anayehama. Usiende mikono mitupu, watakwambia meiyo, hamna kitu, nenda nyumbani.

Murshid hakuishika. Akilini alikuwa akimwona dereva wa siku ile, kijana mwembamba aliyetoka mkoani kutafuta kazi, amepiga magoti kwenye lami, ameokota ndala ya Abass na anajaribu kumvisha tena, kana kwamba ikikaa sawa mguuni mwenyewe atainuka.

Mumbua: Nyinyi mnazunguka tu. Kosa ni la ile app ya kupeleka mizigo. Kijana hakuwa anaendesha, alikuwa anaendeshwa! Simu inamwambia fika, umechelewa, nakukata pesa. Na inamkimbiza kwa ajili ya nani? Ya mteja. Profesa, si wewe uliagiza jiko la kupikia wali, ukawa unalingoja siku ile?

Profesa: Jiko langu lililetwa na pikipiki!

Mumbua: Ati pikipiki. Na hiyo pikipiki ilimfungia nani njia? Damu ya mtu iko kwa huo wali wako, buda.

Profesa aliweka kikombe chini. Utani ulikuwa umevuka mpaka, na Mumbua mwenyewe alilijua hilo, akageuka kutazama mvua. Wiki nzima walikuwa hivyo. Wakinyamaza wanamsikia Abass, basi wakawa hawanyamazi.

Wakili: Watoto nyote. Mkitaka mwenye kosa, fuateni kamba mpaka mwisho. Nyumbani tunaendesha kushoto, sivyo? Ukitaka kuvuka, gari la kwanza linakutokea kulia. Hapa wanaendesha kulia, gari la kwanza linakutokea kushoto. Sasa nani alitufundisha sisi kushoto? Mwingereza! Nikipewa nafasi mahakamani, Mwingereza namleta na pingu.

Mumbua: Hapo umesema kweli kwa bahati mbaya. Mimi miaka yote hii hapa, na shingo bado inageuka upande wa nyumbani kwanza.

Walicheka, kisha kicheko kikakatika. Wakili alikuwa amemkazia macho Murshid.

Wakili: Hilo lisifike polisi. Abass alitazama kote kote. Au siyo, ndugu yangu?

Murshid: Kahawa imepoa.

Wakili: Sijakuuliza kahawa! Kuna mayatima wawili Temeke. Kesho unasema kote kote, unatoka.

Mumbua: Na yule kijana akifungwa?

Wakili: Ana kwao.

Mumbua: Hata Abass alikuwa na kwao.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke wa makamo amesimama kwenye nguzo ya daraja, amevaa baibui lililolowa pindo, mkononi mwavuli wa hoteli.

— Asalaam aleikum. Nimeelekezwa kuwa wenzake Abass wanakaa hapa. Mimi Bimkubwa, dada yake. Nimeingia jana.

Wote walisimama. Walimpa pole mmojammoja, wakampisha akae. Wakili akakohoa, akamtuliza: asiwe na hofu, kesi wameichambua yote. Akamweleza habari ya gari bubu, ya app, hata ya Mwingereza. Bimkubwa alimsikiliza kwa adabu, kama mfiwa anavyowasikiliza waliokuja kuhani.

— Ahsanteni. Mimi nina neno dogo tu. Mama alituacha Abass hajaanza shule, nikamlea mimi. Kila asubuhi namfikisha barabarani, namshika kidevu: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, vuka. Mpaka siku aliponiambia, dada niache, wenzangu wananicheka. Kwenye ndege nilikuwa nawaza hilo tu. Siku ile, alitazama kulia kwanza?

Wakili, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alianza kutafuta sukari, naye kahawa yake huinywa chungu. Profesa aliinamia viatu vyake. Mumbua alifumba macho.

Murshid alikuwa amekiona kile kidevu. Abass alisimama ukingoni wima, kama mtoto wa shule. Akageuka kulia, akatazama sana. Upande huo barabara ilikuwa nyeupe, haina gari. Akashusha mguu huku shingo ndiyo kwanza inaanza kurudi kushoto.

— Alitazama, dada, Murshid alisema. Kulia kwanza. Alisimama kabisa, akatazama.

Uso wa Bimkubwa ulilegea. Alimshika Murshid mkono kwa mikono yake miwili.

— Alhamdulillahi. Basi hakusahau. Kesho kawaambie hivyo hivyo, mwanangu, neno kwa neno. Wasije wakadhani kwao hakufunzwa.

Mumbua alimtazama Wakili: ndilo lile alilosema lisifike polisi. Wakili alichukua chupa ya kahawa amimine mgeni kikombe, akaiinamisha, akaiinamisha zaidi, mpaka mdomo ukatazama chini. Yalitoka machicha.

— Imekwisha, dada, alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyembishia.