Mama Mariana na Kadi Zilizogoma Kusahau

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Paskazia Mabula, Mama Mariana wetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999. Alianza akiwa mpiga chapa hapa ofisi ya utafiti wa madini Shinyanga, akapanda hadi mtunza kumbukumbu mkuu. Kompyuta zilipofika alizilinda kama ndama wachanga: mimi ninayeandika haya nimefukuzwa mlangoni na chai yangu mara nyingi kuliko nilivyopandishwa cheo.

Tutamkumbuka zaidi kwa mambo ya mwaka jana. Kompyuta mbili za zahanati ya kambi yetu ya utafiti huko Nyarugusu zilikuwa ziuzwe kwa Bwana Kamrudin, mfanyabiashara wa Kahama. Kwa ajili ya vumbi, hazikuwa na diski ya kuzunguka. Zilitunza habari kwenye kadi za kumbukumbu. Humo yalikuwemo majibu ya damu ya wafanyakazi.

Fundi wetu Donatus alifuta, akatangaza kadi ni tupu. Mama akajaribu programu ya kurejesha faili. Likaibuka jina la mtu na majibu yake. Akazima, wala hakusema ni nani. Wakaandika data tupu juu ya kadi zote nzima, jina likapotea, Mama bado hakuridhika. Kadi za namna hiyo, ili zisichakae sehemu moja, huweza kuandika jipya pengine na kuliacha la zamani pasipofikiwa na programu ya kawaida.

Kamrudin, aliyechoka kusubiri barazani, akatania: "Shikamoo Mama Mariana, kwani hizo kadi zina dhahabu?"

"Marahaba. Zina watu, mwanangu."

Akazipeleka maabara, kwenye kinu tunachosagia mawe ya sampuli, akasimama pale mpaka zikawa unga. Kamrudin akaondoka na kompyuta zisizo na kadi. Vijana wa maabara, kwa mazoea, wakaufunga ule unga kwenye mfuko wa sampuli wakaupeleka kupimwa. Majibu yakaonyesha dhahabu ya kuvutia, na mimi nikawa wa kwanza kuuliza shimo liko wapi, kumbe ni ile dhahabu inayopakwa kwenye viunganishi vya kadi.

Sisi tuliopimwa damu kambini, Mama bado anatusalimia vilevile, wote, bila jicho la pembeni. Mmoja wetu anajijua.

Wabeja sana, Mama, asante sana. Huko nyumbani Didia upate mvua ya kutosha, wajukuu wasikivu na miaka mingi ya kupumzika. Sote tunakuombea hayo. Na yule mmoja, popote alipoketi leo katika ukumbi huu wa kukuaga, anakuombea kutuzidi.