Sista Keshokutwa wa Chumba cha Vidonda

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi wetu wa chumba cha vidonda anastaafu. Kamati ya kumuaga ilitaka mtu wa familia ya mgonjwa aseme machache ukumbini. Mimi kipaza sauti kinanitoa jasho, nikaomba niandike.

Alianzia wodi ya wazazi, kisha akahamia kwenye vidonda na hakubanduka. Wenzake walimbatiza Sista Keshokutwa, maana kila kadi aliiandika mgonjwa arudi keshokutwa. Madaktari walimtania kwamba vidonda vyake havina nia ya kupona. Alicheka, akaendelea kuandika. Alijua kijana hasemi linalomsumbua siku ya kwanza. Bandeji ya nne ndiyo humfungua mdomo.

Hivyo ndivyo alivyomjua kaka yangu, wa miaka kumi na minane, aliyeungua mguu kwa ekzosi ya pikipiki. Siku ya kwanza alitania benchi zima. Ya nne hakumsalimu mtu, akasema hao wote wamepotea. Ya tano aliomba bandeji za mwezi mzima. Mwanafunzi anayeishi dakika kumi kutoka hospitali, bandeji za mwezi za nini? Sista akampa za siku mbili.

Nilikuwa nimemsindikiza. Sista aliniita kwenye sinki, akaniuliza taratibu kama kaka anajiandaa kwenda mahali. Wiki nzima nilikuwa najua: begi chini ya kitanda, viatu vya kuchezea mpira alivyowagawia wenzake, mtu wa kwenye simu aliyemwahidi ndugu wa kweli na vita vya haki mbali na kwetu. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza ndiko ninakokuweza. Siku ile nikasema yote, macho kwenye bomba.

Sista hakumzunguka. Alimwambia kaka usoni kwamba siri ya kidonda ataitunza, ila siri ya kumpoteza hawezi. Ndipo akampigia mama na afisa ustawi wa jamii. Kaka akaniita msaliti, akaondoka. Siku mbili baadaye bandeji ziliisha, kidonda kikamuuma, akarudi. Mama na afisa walikuwa kwenye benchi wakimngoja. Mazungumzo yalichukua miezi saba. Simu aliikabidhi mwenyewe.

Tangu hapo Sista amewafundisha wafanyakazi wote, hadi walinzi na wasafishaji, kumtambua anayevutwa na itikadi kali. Huanza hivi: mavazi si dalili, ibada si ugonjwa, tazama kilichobadilika. Yupo kijana mwingine ambaye hakurudi, na Sista hamfichi katika mafunzo yake.

Kaka alikaa miezi minne bila kusema nami. Leo asubuhi amegonga mlango wa bafu, ati namaliza maji ya moto, hadi mama akatuita wote wawili wapumbavu. Nilisimama mle ndani nikitabasamu.

Asante, Sista. Tunakuombea mapumziko marefu, na nyumba yenye kelele kama yetu.