Siku Niliyotoka Nyuma ya Turubai

Wapendwa wa kikundi chetu cha sokoni, nashukuru kupewa nafasi hii. Mnaonifahamu mnajua siongei sana, kwa hiyo mnivumilie.

Nimezaliwa Mbebe, kule milimani Ileje, na ualbino wangu huu mnaouona. Kulima niliacha baada ya jua kunitia kidonda shingoni. Daktari alinitibu, akaniambia nitafute kazi ya kivulini. Nikaja hapa Tunduma, nikaanza kukaanga maandazi sokoni.

Wiki ya kwanza hakununua mtu. Mmoja alipokea, alipoutazama mkono uliompa akalirudisha andazi kwenye sahani, akajifuta vidole kwenye kanga. Nilikuwa nayala mwenyewe, ndugu zangu, mpaka nikayachukia.

Nikafunga mizigo nirudi kwetu. Jirani yangu, mama muuza nyanya, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema nipikie nyuma ya turubai la kibanda chake, yeye auze kama yake. Basi yakawa yanaisha mapema kila asubuhi. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wakawa wanabeba ya njiani.

Nawaambia ukweli, nilishiba, lakini sikuwa na amani. Nasikia watu wanasifu mapishi, na mimi nimejificha kama nimeiba.

Asubuhi moja dereva Mzambia akamwita yule mama kwa lugha ya kwao, akamuuliza, "Bamayo, nani anapika haya?"

Mama akageuka kutazama turubai. Nami sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikainua turubai, nikasimama mbele yao na unga mikononi.

"Ni mimi."

Dada mmoja akaweka andazi lake chini. Ndipo yule mama akanisogezea kigoda, akakaa pembeni yangu, akapokea andazi mkononi mwangu na kulila taratibu mpaka likaisha. Wauza mboga wenzake wakaja, nao wakala. Dereva akasema, "Nifungie kumi. Na kesho nikukute hapa mbele."

Baada ya hapo ninyi wa kikundi hiki mkanipa kona yenye kivuli. Fundi cherehani wetu akanishonea kofia pana. Mnapokuwa na shughuli, mnaniagiza mimi. Leo namfundisha kazi binti mmoja kiziwi, na anauza kwa jina lake.

Asanteni sana. Mama yangu wa nyanya, Mungu akutunze. Ninachowaomba ni hiki: mkimwona mwenzenu anakataliwa, huruma ya mbali haimsaidii. Sogezeni kigoda, kaeni naye, mle anachouza, watu wakiwaona.