Maksai wa Mwalimu Lobokat

Wazee wetu, jamaa na majirani, habari za asubuhi, na kwenu ndugu zetu Waislamu, salaam aleikum. Familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Jonah Nanok Lobokat, na mama Natabo, mjane wake, ameniagiza nisisome kwa sauti ya kilio, kwa sababu mumewe hakupenda shujaa aagwe kwa mnong'ono.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1938 karibu na Lodwar, akaletwa Isiolo akiwa mtoto wazazi wake walipohamia huku na mifugo, akasoma shule ya misheni hapa mjini, kisha sekondari huko Meru, na hatimaye fasihi katika chuo kikuu jijini Nairobi, akahitimu mwaka wa 1966. Alipokuwa kijana baba yake alimpa maksai wa madoadoa, na kwa desturi yetu Waturkana mwanamume huitwa kwa maksai wake na kumtungia wimbo, ndiyo maana wazee hapa walimjua kama Apalomeri, mwenye maksai wa madoadoa. Tarehe 14 Desemba 1968 alifunga ndoa kanisani na Natabo, ambaye hadi juzi alikuwa akimtania kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ana pembe. Mungu aliwajalia Aule mwaka wa 1970 na Nangiro mwaka wa 1973.

Januari 1977 alihamia sekondari yetu, akakabidhiwa kidato cha sita na utenzi wa kale wa Waingereza, wa enzi za Waanglo-Saksoni, na mwaka uliofuata, katika mtihani wa majaribio wa Juni, darasa zima lilianguka. Wote waliandika kwamba shujaa ni mtu wa majivuno, kwa kuwa husimama katika ukumbi wa mfalme, kikombe mkononi, na kutangaza atakavyolishinda dude, na Biblia na Kurani zimewafunza kwamba kiburi ni dhambi. Mkaguzi mmoja akashauri utenzi ule uondolewe, watoto wa wafugaji wapewe kitu chepesi.

Neno hilo lilimchoma Mwalimu. Tarehe 15 Julai 1978, siku ya wazazi, mbele ya mwalimu mkuu, Bwana Mungania, na wazee waliotoka mbali kama Kulamawe, alivua koti, akainua mikono kama pembe, akaimba wimbo wa maksai wake mwanzo hadi mwisho, kisha akasema: "Darasa hili lisipopita, msiniite tena Apalomeri." Wageni walicheka, lakini wazee wa Kiturkana walishtuka, kwa maana mwanamume akipoteza jina hilo hana wimbo, na asiye na wimbo hasimami na wenzake kwenye ngoma. Natabo alimwambia wazi kwamba ameweka rehani kitu kisichokuwa cha shule, naye akajibu kwamba ahadi ni deni.

Hapo darasa likafumbuka macho, likaona kuwa majigambo ya shujaa ni nadhiri, akishaitamka mbele ya watu hana njia ya kurudi nyuma. Hata ile tabia ya watunzi wale ya kukiita kitu kwa jina la kuzunguka waliizoea, na mwanafunzi mmoja, Dualeh, ambaye baba yake alikuwa na lori la safari za Merti, aliliita lori hilo ngamia anywaye dizeli. Walisoma wakijua wamebeba jina la mtu.

Machi 1979 matokeo ya mtihani wa mwisho yalikuja, na wote walipita, wote kabisa. Wazee waliingia langoni mwa shule wakiimba wimbo wa Apalomeri, mwalimu mkuu akiwa katikati yao akijaribu kuinua mikono ipasavyo, na Natabo anasema siku hiyo alikubali kuwa mke wa pili.

Mwaka wa 1987 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Septemba 1988 akatutoka, akiwa amemwambia mkewe kwamba watu wa utenzi ule walimzika mkuu wao wakiyataja matendo yake, na kwamba jina ndilo lisilozikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chechelesi waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake. Dualeh, ambaye sasa anafundisha utenzi uleule, ameomba aanzishe wimbo, na wazee wamekubali. Inueni mikono basi, tumwimbie. Apalomeri, deni ulishalipa, pumzika kwa amani na jina lako.